Mnyama Hana Mkia

Geita, 11 Januari 2025

Shangazi yangu mpendwa, Mwalimu Scolastika,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepunguza ukorofi. Sisi huku hatujambo. Baba anakusalimu sana. Kikohozi kimemwacha tangu alipoacha kazi ya kusaga mawe kule kwenye karasha, na siku hizi anauza miwa pale stendi na kuwapigia porojo abiria kutwa nzima. Mimi nipo vilevile, nawapikia mainjinia wa mgodini, na mikono inanuka vitunguu hadi kanisani.

Nimefurahi kusikia kwamba ile mashine ya sinema niliyokutumia Krismasi inakubali sola. Umeniandikia kwamba zile sinema za kimya umezimaliza zote, na moja umeirudia mara tisa. Basi nimekuwekea nyingine ishirini kwenye kadi hii. Usiipoteze, ni ndogo kama ukucha.

Sasa jambo lenyewe. Familia moja niliyokuwa naipikia imerudi kwao, na binti yao amelia mpaka amepaliwa kwa kuwa wamekatazwa kupanda ndege na mnyama wake. Nikamwambia asilie, nitamtafutia nyumba nzuri. Nikakufikiria wewe, maana unakaa peke yako mno. Anaitwa hamsta. Si panya, Shangazi, ingawa ukimwona utasema panya. Ni mnyama hana mkia, mnene, ana manyoya rangi ya asali. Anakula mtama, alizeti na karoti. Mchana analala, usiku anakimbia ndani ya gurudumu lake. Eustace, yule konda wa basi la Shinyanga, ameahidi kulipakata tundu lake na kumfikisha Mhunze.

Picha yake nimeiweka kwenye kundi la ukoo kwenye simu, watu wamecheka hadi basi. Ungekuwa na simu ungeona.

Akupendaye,
Limi

(Imepokelewa 14 Januari, kwa mkono wa Eustace. Mnyama mzima. Konda ameumwa kidole.)


Kijijini, Mhunze, 2 Februari 2025

Limi, ng'wanawane,

Marahaba, mwanangu. Goti linauma kwa ratiba yake, nimeacha kugombana nalo. Mwambie mdogo wangu apunguze uongo hapo stendi, hao abiria watarudi. Pamba imeota vizuri, mtama unasuasua. Binamu yako Benjamini amefungua kibanda cha kuchaji simu karibu na kisima, kwa hiyo siku hizi anayekwenda kuchota maji anarudi na habari pia.

Kwanza sarufi. Umeandika "mnyama hana mkia". Tangu ukiwa darasa la nne nakwambia ni "mnyama asiye na mkia". Ukisema "mnyama hana mkia" umeshamaliza sentensi, na mnyama wa watu amebaki amesimama hapo. Pili, si kweli. Nimevaa miwani nikamgeuza: anacho kimkia, kama punje moja ya mtama. Tatu, usiache kuandika chini ya kila barua siku uliyoipokea na mkono uliokuletea, kama nilivyokufundisha. Simu yangu ilipozama kwenye ndoo sikutafuta nyingine. Kiziwi na simu wapi na wapi? Barua zako ndizo masikio yangu.

Huyu bwana nimempa jina la Karani. Unamwekea mtama, anaupakia wote mashavuni, kisha anakutazama kana kwamba hajapokea kitu. Nimemkumbuka karani mmoja wa mizani ya pamba enzi za baba yetu. Nimecheka mpaka nikaketi chini.

Saa nane mchana naziba madirisha kwa mablanketi, nawasha mashine, Karani analala mapajani. Kuna ile ya bwana anayefukuzwa na polisi kumi na mwenyewe hajui kosa lake. Anadumbukia kwenye pipa la chokaa, anatoka mweupe pepepe, polisi wanamdhania sanamu na kumpigia saluti. Limi, tangu kwinini ichukue masikio yangu miaka minane iliyopita, kila nikikaa na watu naona midomo inayonificha kitu. Kwenye sinema hizi kila mtu ni kiziwi kama mimi. Wakiwa na la kusema wanaliandika, tunasoma wote. Umenipa wenzangu, na nakushukuru kwa moyo wote.

Jambo dogo tu: jirani yangu Mama Mageni ameacha kumtuma binti yake aniletee maziwa. Labda ng'ombe amekauka.

Shangazi yako,
Mwl. Scolastika

(Imepokelewa 19 Februari, kwa mkono wa Eustace. Basi lilikuwa gereji.)


Geita, 23 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Baba hajambo, mimi sijambo, na leo sina porojo.

Benjamini amenipigia simu. Anasema usiku nyumbani kwako inasikika sauti ya kusaga, krii, krii, hadi alfajiri, na asubuhi hakuna anayeona unga. Watu wanasema una watu wa kukusagia. Kuna waliochungulia mchana pembeni ya blanketi, wakaona watu weupe ukutani, wanafumbua midomo na sauti haitoki. Wanasema ni misukule, watu uliowachukua na kuwakata ndimi. Na panya ndiye anayekwenda kukuchotea nafaka kwenye maghala ya wenzako.

Shangazi, anayesaga ni gurudumu la Karani! Mimi najua, wewe unajua. Lakini nani atawaambia? Na lambalamba wamefika kijiji cha pili kutoka kwenu, wale waganga wanaozunguka kufichua wachawi. Huko walikopita wamewanyoa wazee nywele mbele za watoto wao, na bibi mmoja nyumba yake imechomwa.

Nakuomba kwa magoti, mpe Eustace huyo mnyama amrudishe. Mashine ifukie chini ya magunia. Au bora zaidi njoo Geita, chumba kipo. Unajua yaliyompata Bibi Asteria. Naogopa.

Limi

(Imepokelewa 26 Machi, kwa mkono wa Eustace. Alikuwa amelazwa, taifodi.)


Kijijini, Mhunze, 30 Machi 2025

Limi, ng'wanawane,

Marahaba. Barua yako imelala mwezi mzima kwenye mkoba wa Eustace, naye amelala hospitali, simlaumu. Ingefika mapema ningejua. Sikujua kwamba gurudumu linalia. Mimi naliona linazunguka tu. Hakuna mtu aliyeniambia. Nimelipaka mafuta ya alizeti, lakini nimwulize nani kama limenyamaza?

Tarehe 12 ulipigwa mwano. Ng'ombe wa watu waliibiwa upande wa mbugani, saa tisa alasiri, na lile yowe likapokezanwa nyumba hadi nyumba, na kila mwenye miguu akatoka kama ilivyo sheria yetu. Miaka minane yote, mwano ukipigwa, Mama Mageni huja kunigusa bega. Safari hii hakuja. Mimi nilikuwa ndani, madirisha yamezibwa, nacheka peke yangu. Nilipotoka kumwaga maji nilikuta kijiji kitupu, na sufuria ya maharage ya Mama Mageni inaungulia jikoni.

Asiyeitika mwano ana analolificha, ndivyo wanavyosema. Baraza la sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, limenitenga hadi msimu wa pamba utakapofunguliwa. Mtu haruhusiwi kunisalimia, kunipa moto wala kunichotea maji. Kumtenga kiziwi ni kichekesho, salamu zao tangu lini nilizisikia? Ila zamani niliona midomo ikicheza nikajua nimesalimiwa. Sasa haichezi. Naogopa, Limi, nakuandikia wewe kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia. Kitanda nimekihamisha kutoka dirishani.

Maduhu, mwenyekiti wao, nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe. Aliniandikia shtaka kwenye karatasi ili nielewe. Nakunakilia kama lilivyo: "Mwalimu wetu sasa kakamilika. Anafuga panya hana mkia na bubu wanaomfanyia kazi usiku." Nikamwuliza maneno haya kayatoa wapi. Akaandika: kwenye simu ya Benjamini. Karatasi hiyo nimeisoma mara nyingi. Maduhu huchanganya r na l, na hapa hakuchanganya, kwa hiyo amenakili. Benjamini hajawahi kumaliza sentensi tangu azaliwe. Nimesahihisha madaftari ya kijiji hiki miaka thelathini na minne, na kila mtu namjua kwa kosa lake. Nakuuliza tu: nani aliandika?

Umemtaja Bibi Asteria. Alikuwa mama yangu mdogo, na wewe umelelewa kwa kuambiwa kwamba aliugua, ingawa naona umeshasikia mengine. Walimwita mchawi, mwaka 1988. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia kwa samadi, hakuna kingine. Siku tatu kabla alikuta kitambaa chekundu kimefungwa kwenye komeo la mlango wake. Alikifungua akakifanya cha kuoshea vyombo. Walipomwendea na mapanga hapakupigwa mwano. Alilia sana, kijiji kizima kilisikia, na hakuna aliyetoka. Masikio yangu yalikuwa mazima wakati ule.

Sitakuja Geita. Nikiondoka sasa, nitakuwa nimekiri.

Shangazi yako,
Mwl. Scolastika

(Imepokelewa 6 Aprili, kwa mkono wa Eustace.)


Geita, 13 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mvua huku ni kubwa, mashimo ya wachimbaji wadogo yamejaa maji na watu wamekaa bila kazi. Baba ameteguka mguu kidogo lakini anacheka. Nakutumia mafuta ya cherehani kwa ajili ya gurudumu, ni mazuri kuliko ya alizeti.

Kuhusu swali lako, kwenye kundi tuko watu zaidi ya sitini, na kila mtu anaandika. Ni vigumu kujua.

Nimeomba ruhusa kazini nije kukuchukua, nimenyimwa. Nakuomba tena uje wewe. Hayo mambo ya kukiri achana nayo, Shangazi. Heri wakuite mchawi ukiwa Geita unakula wali.

Limi

(Imepokelewa 18 Aprili, kwa mkono wa Eustace. Mafuta yamefika. Swali halijajibiwa.)


Kijijini, Mhunze, 4 Mei 2025

Limi,

Marahaba. Mpe pole mdogo wangu, akande mguu kwa maji ya chumvi.

Lambalamba wanakuja hapa Jumamosi tarehe 17. Kila kaya imeshachangia. Hata mimi niliyetengwa nimechangishwa, kwa hilo hawakunitenga.

Nimemwandikia Maduhu kuomba ghala la pamba siku hiyohiyo, mchana, likiwa bado tupu. Nimemwambia bubu wangu nitawaleta mbele ya watu wote, kila mtu awaone kwa macho yake badala ya kuchungulia kwenye matundu ya blanketi. Amenijibu kwa maandishi: "Sawa Mwarimu, rakini wakitoka ukutani sungusungu hatutahusika." Nilicheka. Halafu nikaisoma tena, maana hakuandika kwa utani.

Usije siku hiyo. Wakikuona watasema nimeita mrithi wangu. Mwambie baba yako kwamba nampenda, sikumbuki kama niliwahi kumwambia. Swali langu usilijibu kama ni zito.

Shangazi yako,
Mwl. Scolastika

(Imepokelewa 9 Mei, kwa mkono wa Eustace. Nimeisoma nimesimama palepale stendi.)


Geita, 9 Mei 2025

Shangazi,

Nimesahau hata shikamoo. Shikamoo.

Ni mimi. Ulijua siku ileile, najua ulijua. Siku nilipomtuma Karani niliiweka picha yake kwenye kundi na chini yake nikaandika: "Mwalimu wetu sasa kakamilika! Anafuga panya hana mkia na bubu wanaomfanyia kazi usiku." Nikaongeza vile vikatuni vya kucheka, vitano. Nilitaka watu wacheke, na walicheka. Benjamini akawaonyesha wateja wake kibandani, nao hawakuona vikatuni, waliona maneno. Kila nilichokutumia kwa mapenzi, mashine na mnyama, nimekigeuza kuwa ushahidi kwa sentensi moja ya upuuzi.

Na ruhusa sikuomba, nilikudanganya. Niliogopa kuja kukaa mbele yako na wewe unanitazama mdomo.

Leo nimeandika kwenye kundi lilelile: "Shangazi yangu hana kosa. Maneno yale ni yangu, nilikuwa natania." Benjamini amejitoa kwenye kundi. Maduhu nimempigia mara saba, hapokei. Nimempigia na Mama Mageni. Amepokea, amenisikiliza mpaka mwisho, akakata.

Usiende kwenye hilo ghala. Nakuomba, Shangazi. Au kama lazima uende, kaa karibu na mlango. Sijui tena niandike nini. Eustace ameapa atakupa mkononi.

Limi wako

(Imepokelewa 16 Mei, kwa mkono wa Eustace. Ametembea kutoka barabarani, bodaboda zimekataa kufika kwangu.)


Kijijini, Mhunze, 1 Juni 2025

Limi, ng'wanawane,

Marahaba, hata ile uliyoisahau. Nimechelewa kukujibu kwa sababu mkono ulikuwa hautulii kuandika, na mwalimu hatumi mwandiko mbaya.

Nilikwenda. Niliketi karibu na mlango kama ulivyoniomba. Walikuja wote, wakubwa wakasimama nyuma, watoto wakapenya mbele. Yale maandishi ya sinema nilikuwa nimeyatafsiri ubaoni, nikamwomba Maduhu awasomee kwa sauti. Nikaweka ile ya pipa la chokaa. Mwanzoni hakuna aliyetikisika, na wengine walikuwa wameshika fimbo. Mimi kicheko nakisikia kwa macho, kwa hiyo nilikuwa natazama mabega. Polisi walipopiga saluti, mabega ya watoto yakaanza, kisha ya mama zao. Maduhu akavua kofia akajifuta machozi, akashindwa kusoma. Nilidhani yamekwisha.

Ndipo lambalamba wakaingia, watatu, wakataka wapewe mnyama. Yule mkubwa alimshika Karani akamminya mashavu, na mtama ukamwagika kiganjani mwake, konzi nzima. Mabega yote yakasimama. Alisema neno moja nami nililisoma mdomoni: "Mavuno yenu." Mtu wa nyuma yangu alinishika mkono, hapa juu ya kiwiko, na alama bado ipo.

Aliyeniokoa ni Maduhu, na aliniokoa kwa ukaidi wake wa darasani. Alitoa karatasi ya shtaka, akaisoma, akaniomba miwani. Shtaka linasema hana mkia, akasema, basi tuangalie. Akamgeuza Karani mikononi mwa yule mganga, akatafuta, akatafuta, kisha akanyoosha kidole kuwaonyesha wote. Watu walisogea mmoja mmoja kutazama kimkia. Nami nikatoa barua yako akawasomea ile sentensi yako ya utani na jinsi ilivyotokea. Akatangaza kwamba shtaka limeanguka na kutengwa kumekwisha.

Lakini yule mganga hakumweka Karani chini. Alikunja ngumi akinitazama. Sikusikia kitu, na tafadhali usimwulize mtu yeyote aliyekuwepo kama Karani alilia. Nilimzika nyuma ya nyumba. Nimemlilia mnyama wa kilo robo kuliko nilivyowahi kumlilia Bibi Asteria, kwa sababu yule sikuruhusiwa.

Mama Mageni alikuja na maziwa. Alisema mengi, lakini alikuwa analia na midomo haikusomeka. Wananisalimia sasa. Nikawa nimeamua kubaki.

Leo asubuhi nimekuta kitambaa chekundu kimefungwa kwenye komeo la mlango wangu. Sijui ni mkono wa nani. Nimesimama hapo nikakitazama muda mrefu. Sikukifanya cha kuoshea vyombo. Nimemwonyesha Maduhu. Ameandika kwamba kesho atanisindikiza na vijana wake hadi barabarani, Eustace atanipakia. Ilimchukua muda kuandika hivyo, na muda huo nimeuona. Leo nalala kwa Mama Mageni. Ameahidi kukaa macho na kunishika bega.

Nakuja, Limi. Mashine naibeba. Barua hii simpi Eustace, naishika mwenyewe. Ikikufikia kwa mkono wake, ujue sikupanda basi.

Barua yako ya tarehe 9 nimeisahihisha kwa wino mwekundu. Ina makosa kumi na moja, na vikatuni vitano ni vingi. Lakini pale ulipoandika "Shangazi yangu hana kosa", hapo "hana" imekaa mahali pake. Nimeiwekea vema.

Shangazi yako,
Mwl. Scolastika

(Imepokelewa Geita, stendi, 2 Juni, saa kumi na moja jioni. Kwa mkono wake Shangazi mwenyewe.)